Daftari, CSV na NetCDF: nitaziulizaje swali moja?

MtotoWaKasese: Wakubwa, habari zenu. Niko Kasese, Uganda, naandika kazi ya chuo kuhusu mafuriko ya mto Nyamwamba. Nataka kujua kitu kimoja tu: siku mvua ilipozidi milimita 30, mto ulikuwa na kina gani? Mvua ni ya setilaiti, data za CHIRPS, iko NetCDF (faili la vipimo vilivyopangwa kwa visanduku vya ramani). Kina kiko CSV (jedwali la maandishi matupu), kifaa cha mtoni kinajirekodi kila dakika 15. Kifaa kilipokufa nina Excel niliyonakili kutoka daftari la mzee anayesoma kipimo mtoni mara mbili kwa siku. Nikaanza kumwaga zote kwenye Excel moja, ikagoma mstari wa 1,048,576, ndio mwisho wake. Banange, wiki nzima imekwenda!

Panyabuku: Nani alikutuma umwage? Ziache zilipo. DuckDB, programu ya hifadhidata, inasoma CSV na Excel papo hapo, unaziuliza kwa SQL, lugha ya kuulizia data. NetCDF ifungue kwa xarray, maktaba ya lugha ya Python, chota visanduku vinavyofunika bonde lako tu (kila kimoja upande wake ni digrii 0.05, kama kilomita 5 na nusu), vihifadhi kama Parquet, faili la jedwali ambalo DuckDB inalisoma pia, uunganishe kwa tarehe. Ukikuta -9999, hiyo si mvua, ni pengo.

MtotoWaKasese: Imekubali, asante kaka. Ila siku ambazo kifaa na daftari vyote vipo, havipatani. Saa 3:00 mzee ana mita 1.62, kifaa 1.10. Nimtupe mzee?

Dada_wa_Mito: Usithubutu! Daftari limeandikwaje, "saa 3" na "saa 9"?

MtotoWaKasese: Ndiyo dada, hivyo hivyo.

Dada_wa_Mito: Basi hiyo ni saa yetu: saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, yaani 9:00 na 15:00 za kompyuta. Mimi ile 9 ndiyo ilinipoteza, kwa sababu ukiitazama kwenye kompyuta inafanana kabisa na asubuhi. Na kifaa chako, angalia mstari wa juu wa CSV, vingi huandika UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Kama ni hivyo, ongeza 3 kwenye saa za daftari: 3 inakuwa 6, 9 inakuwa 12. Fanya hivyo ndani ya swali la SQL, usiguse Excel yenyewe.

MtotoWaKasese: Ni UTC kweli. Sasa tofauti ni sentimita mbili tatu. Nimempigia mzee kumweleza kompyuta ilivyomwelewa, akacheka: "Mwanangu, saa tisa za usiku niende mtoni kufanya nini?"