Matairi ya Toyota 86 ya kutembelea kila siku Malindi: Fleva, RE003, Pilot Sport 4 au NS-20?

Kusi86 (Malindi)

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nina Toyota 86 GT ya 2015, gia ya mkono. Si gari la maonyesho. Ndilo linalonipeleka kazini Watamu na kunirudisha Malindi siku sita za wiki, na mara mbili kwa mwezi nateremka nalo Mombasa. Saizi ni 215/45R17 (upana milimita 215, ubavu asilimia 45 ya upana, rimu ya inchi 17). Ya nyuma yameshafika kwenye alama ya kuisha, ya mbele yana uhai kidogo, lakini nataka kubadilisha yote manne nipumzike.

Mfuko wangu ni shilingi 80,000, kufunga na balansi ndani yake. Dukani wameniwekea mezani manne: Michelin Pilot Sport 4, Yokohama Advan Fleva V701, Bridgestone Potenza RE003 na Nankang NS-20. Michelin linapita mfuko. Nikilichukua, mwezi mzima nyumbani tutakula muhogo na pilipili. Nankang linanibakishia hela ya alaimenti na pengine pedi za breki. Yale mawili ya Kijapani yako katikati, na tofauti ya bei baina yao ni sahani mbili za biriani.

Napenda gari linaloshika kona, sikatai. Lakini kinachonitisha ni masika. Mwaka jana mwezi wa Mei, kabla ya kuingia Gede, mkia ulinitoka nikiwa kwenye 70 tu, moyo ukabaki barabarani. Nataka kusikia walioyatumia huku Pwani. Wa Nairobi nawaheshimu, lakini jua lenu si letu.

MwanaSabaki

Kaka, kwanza achana na muuzaji atakayekwambia uchukue tairi la "misimu yote" kwa sababu litadumu. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kuwa mgumu baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Malindi nyuzi 7 utazipata ndani ya friji. Kwetu tairi la kiangazi ni tairi la Januari hadi Disemba, na yote manne uliyotaja ni ya aina hiyo, kwa hivyo hapo hujakosea.

Pili, angalia namba ya uchakavu iliyochapwa ubavuni. RE003 ni 220, Fleva ni 240. Zote mbili ni za mpira laini kiasi, kwa hivyo usitarajie zikuzeekee. Namba ikipanda, tairi linatarajiwa kudumu zaidi. Ila usiichukue kama msahafu: kila kampuni hupima na kujipa yenyewe, kwa hivyo 300 ya huyu si lazima iishinde 240 ya yule. Mimi huitumia kulinganisha matairi ya kampuni moja tu.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: 86 ilipotoka mwaka 2012 ilivalishwa Michelin Primacy HP, tairi la starehe, aina ileile iliyokuwa ikifungwa kwenye baadhi ya Prius. Toyota walifanya makusudi, gari liwe jepesi kuchezea mkia kwa mwendo mdogo. Maana yake ni kwamba lolote kati ya haya manne, likiwa jipya, huenda likashika kuliko lile gari lilivyotoka kiwandani. Usijione mnyonge kwa kukosa Pilot Sport.

FundiPancha_Kilifi

Nimekaa na matairi miaka mingi, acheni niseme ninachokiona kibandani. Matairi ya magari ya chini kama hilo ni machache yanayoletwa kwangu yakiwa yameisha meno. Mengi huja na uvimbe ubavuni. Mtu ameshuka ukingo wa lami kupisha basi, au ameingia shimo lililojaa maji akidhani ni dimbwi, nyuzi za ndani zimekatika, ubavu umefura kama yai. Hilo halizibwi. Anayekuahidi kuliziba anakutafutia msiba.

Kwa hivyo kabla ya kuuliza jina, uliza tarehe. Tafuta ubavuni yale maandishi yanayoanza na DOT, tarakimu nne za mwisho. Ukiona 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la spoti saizi ya 17 huku Pwani halitoki kama la Probox. Laweza kukaa dukani miaka, na kama duka ni la mabati, linaokwa humo mchana kutwa. Mpira unakauka, unang'aa vizuri, na ukiulowesha unateleza kama sabuni. Nimewahi kufunga seti "mpya" ya mteja, nailoni bado iko juu, kumbe ina miaka sita. Alinunua duka moja Mombasa, jina naliacha. Nilimwambia arudishe, hakurudisha, masika yakamfundisha.

Jina kubwa la miaka mitano nyuma au jina dogo la mwaka huu? Mimi nitachukua la mwaka huu.

BintiMambrui

Mimi naendesha Subaru Impreza WRX, si 86, lakini Fleva nimelikanyagia misimu miwili ya masika na ninalipenda. Ile michirizi yake imechongwa kama mshale, inasukuma maji nje. Daraja la Sabaki hadi Mambrui mvua ikinyesha nilikuwa nashika usukani kwa mikono miwili na dua. Sasa dua imebaki lakini mkono mmoja unatosha. (Natania, askari wa trafiki wakisoma hapa.)

Kasoro ya mshale ni hii: tairi lina upande wake wa kuzunguka. RE003 ni vilevile. Huwezi kulitoa kulia ukalipeleka kushoto bila kulivua kwenye rimu. Mbele na nyuma ya upande mmoja unaweza kubadilishana, na kwa kuwa 86 ina saizi moja pande zote, fanya hivyo kila kilomita 8,000 au 10,000 ili yaishe sawasawa. Gari lako linasukumwa na magurudumu ya nyuma, ndiyo maana ya nyuma yamekwisha kwanza.

Na wenye Subaru wenzangu: msinunue mawili mawili. Gari la magurudumu yote manne linataka matairi yanayolingana, la sivyo mnaiua difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) taratibu. Mwenye 86 hana shida hiyo, ingawa akinunua mawili, mapya ayaweke nyuma.

Kipara_wa_Majengo

Mnamtia mwenzenu gharama. Aende achukue mtumba wa Japani, Advan au Potenza zenye meno asilimia 70, apate manne kwa nusu ya hela. Mimi natumia hayo na niko hai.

FundiPancha_Kilifi

@Kipara_wa_Majengo uko hai, alhamdulillahi, lakini meno ya mtumba hayakwambii lilipigwa wapi. Nikilivua ndani naona kiraka, au mstari pale lilipotembezwa bila upepo. Ukilitaka, lifunguliwe ulitazame ndani kabla ya kulipa, na tarehe iwe chini ya miaka mitano. Muuzaji akikataa kulifungua, amekujibu.

Mja_wa_Amu

Salama ndugu zangu? Huku Lamu muyini gari letu ni punda, na punda hana pancha. Lakini gari ninalo, naliacha Mokowe na kuvuka kwa boti. Nasoma kwa sababu yangu yameharibika bila hata kutembea. Wiki tatu, nne, gari limesimama juani upande mmoja. Nikirudi, kilomita za kwanza usukani watetemeka, kwa sababu tairi limefanya bapa pale lilipokalia. Likipata joto hutulia. Lakini ubavu wa upande wa jua umeanza nyufa ndogondogo, na meno bado mazima kabisa.

Dawa yangu: najaza upepo vizuri kabla ya kuliacha, na naegemeza makuti upande wa jua. Watu wacheka, wacha wacheke. Ndia ya Witu hadi Garsen siku hizi ni lami, mtu hushawishika kukanyaga, na tairi lenye nyufa kwenye joto la saa nane si la kukanyagia.

Mzee_Gia

Kusi86, nimesubiri mtu aseme na hakuna aliyesema. Kwa nini ung'ang'anie 17?

Kule Japani 86 ya daraja la G ilitoka na rimu za 16 na tairi 205/55R16. Si uzushi wa mtaani, ni saizi ya kiwandani. Sasa piga hesabu. Ubavu wa 215/45 ni kama milimita 97. Wa 205/55 ni kama 113. Umepata milimita 16 za mpira baina ya rimu na yale matumbawe ya barabara za ndani za Watamu. Kipenyo chote kinaongezeka milimita 6 au 7 tu, asilimia moja, kipimamwendo hakitasema uongo wa kuudhi. Tairi jembamba kidogo pia hukata maji vizuri zaidi kuliko pana. Na 205/55R16 ni saizi inayouzwa kila kona kwa magari ya kawaida, kwa hivyo bei iko chini na matairi hayakai dukani hadi yazeeke. Shida ya fundi wa Kilifi ya tarehe umeitatua nusu kwa kubadilisha saizi tu.

Utapoteza nini? Ule ukali wa kuingia kona, gari likigeuka mara tu unapogusa usukani. Litachelewa kidogo, litayumba kidogo. Kwa uwanja wa mashindano ningekukataza. Kwa Malindi na Watamu, mbona.

Tahadhari ni ya rimu. 86 ni tundu tano za 100 (tundu tano za nati kwenye duara la milimita 100), na tundu la katikati ni milimita 56.1, sawa na Impreza nyingi. Rimu za Toyota Wish nazo ni tano za 100, watu hudanganyika hapo, lakini tundu lake la katikati ni 54.1, haliingii kwenye habu yako, pale rimu inapokaa. Usikubali fundi alichonge. Tafuta za Impreza, na ujaribishe moja mbele kabla ya kulipa, uone kama inaipita kaliper ya breki bila kugusa. Rimu zote za 16 hazina umbo moja.

MwanaSabaki

Mzee, hapo umenifunga mdomo. Naongeza moja tu kuhusu uzito. 215/45R17 la kiwandani lilikuwa 87W, yaani kilo 545 kwa tairi na mwendo hadi kilomita 270 kwa saa. Matairi mengi ya 205/55R16 ni 91, kilo 615. Kwa hiyo upande wa uzito uko salama. Ukipata lenye herufi V, ni 240 kwa saa, na sheria yetu hairuhusu zaidi ya 110. Usilipe ziada kwa herufi.

BintiMambrui

Na presha jamani! Pima asubuhi gari likiwa baridi, si ukifika kituo cha petroli cha Kilifi tairi limechemka. Kila nyuzi 5 au 6 za joto zinaongeza kama PSI moja (kile kipimo cha upepo). Mtu anapima mchana, anaona imezidi, anatoa upepo, kesho alfajiri anatembea na tairi legevu na kulaumu alaimenti.

Kusi86 (Malindi)

Nimerudi baada ya wiki tatu, samahani kwa kimya.

Nilipata rimu nne za Impreza za 16, mtumba, moja ina mkwaruzo. Tulijaribisha moja mbele, inaipita kaliper, kidole changu kidogo kinapenya, cha mwenye duka hakikupenya. Nimefunga Fleva 205/55R16 91W. RE003 lilikuwepo, lakini la tarehe ya zamani zaidi. Fleva niliyopewa yanasoma wiki ya 31 ya 2024, yote manne. Rimu, matairi, balansi na alaimenti, nimebakiwa na elfu sita na kitu.

Mzee_Gia ulisema kweli, usukani umelegea kidogo. Siku mbili za kwanza nilijuta. Siku ya tatu nilipita zile diversheni za Mtwapa bila kufumba macho kila shimo, nikaacha kujuta. Mvua bado, kwa hivyo la Gede sina jibu hadi masika.

Rimu za 17 ziko sebuleni, mama watoto ameweka chungu cha maua juu ya mmoja.

Kipara_wa_Majengo

Hizo za 17 unauza bei gani?