Guardians na Tigers mechi ya tano: mtu mmoja anatishaje timu nzima?

MzigoOhio (Ijumaa, 11 Oktoba 2024)
Wakuu salama? Niko Cleveland huku, kazi za ghala, na wiki hii hakuna stori nyingine zaidi ya besiboli, hadi supavaiza kavaa kofia ya Guardians, timu ya hapa. Kesho saa saba mchana wanamalizana na Detroit Tigers, ngoma ni 2-2 kwenye mechi tano, anayeshinda anakutana na Yankees ambao jana wamemtoa Kansas City. Sasa mimi nauliza, Guardians wameongoza kundi lao kwa kushinda mechi 92, Tigers 86, halafu msimu wa mechi 162 unakuja kuamuliwa na mechi tano? Na jamaa mmoja hapa kazini ananiambia eti wanamuogopa mtu mmoja tu. Mtu mmoja kwenye timu nzima, inakuwaje hiyo?

KochaWaMtaani
Huyo ni Tarik Skubal wa Tigers mkuu, mrushaji (anayewatupia wapigaji mpira) wa mkono wa kushoto, mwaka huu kashinda mechi 18 na kawatoa wapigaji 228 kwa straiki tatu, yaani mipira mitatu mizuri wameshindwa kuipiga. Shida ya besiboli ni kwamba mrushaji wa kuanza akishatupa mipira yake mia hivi, mkono unahitaji siku nne tano za kupumzika, kwa hiyo timu ni ileile lakini kila siku unacheza na mtu mwingine, chukulia Yanga walazimike kubadilisha kipa kila mechi. Skubal alirusha Jumatatu, awamu saba kati ya tisa za mechi Cleveland hawakupata hata pointi moja, halafu awamu ya tisa Kerry Carpenter wa Tigers akampiga Clase homrani (mpira unaovuka ukuta, wote walioko kwenye besi wanapata pointi) ya pointi tatu, yule Clase mrushaji wa kufunga mechi wa Cleveland ambaye msimu mzima alikuwa hagusiki! Jumatatu mpaka Jumamosi hesabu mwenyewe, kesho anarudi. Ndo maana mechi 92 hazimsaidii mtu kesho.

binti_wa_dallas
Mimi huu mfumo siupendi na nitasema. Tangu 2022 timu zinaingia 12, nne za juu zinaruka raundi ya kwanza zinakaa kusubiri, na kusubiri kwenyewe ni kama adhabu maana wapigaji wamezoea kucheza kila siku. Dodgers 2022 walishinda mechi 111 wakatolewa na Padres, mwaka jana Braves wakiwa na 104 wakatolewa na Phillies, Orioles 101 wakachapwa tatu bila na Rangers wetu (hapo sikulalamika 😂). Mwaka huu tayari Phillies wameshafungashwa virago na Mets, Lindor wa Mets kapiga homrani besi zote zimejaa, kwisha habari. Raundi hii wangeifanya ya mechi saba tu.

KochaWaMtaani
Dada sasa hivi Skubal anarusha mbili kati ya tano, ukiweka saba anarusha mbili kati ya saba. Timu yenye wanne wazuri ndo inafaidika na saba, yenye mmoja inataka tano.

usiku_mrefu_dar
Kwa sisi wa huku, ya Cleveland ni saa mbili usiku Jumamosi, muda wa watu wenye heshima zao. Ila ya leo Dodgers na Padres ni saa tisa usiku na mimi siiachi, Yamamoto wa Dodgers na Darvish wa Padres, Wajapani wawili wanaanza kurusha mechi moja ya mtoano, haijawahi kutokea. Tena Dodgers juzi waliishiwa warushaji wa kuanza wakapanga foleni ya wanane, kila mmoja anatupa kidogo anatoka, wakashinda 8-0. Hiyo nayo ni njia, MzigoOhio, kama huna Skubal. Na Dodgers haohao ndo walisaini vijana wawili wa Uganda 2022 msisahau.

MzigoOhio (Jumamosi jioni)
Jamani nimetoka baa sasa hivi sina sauti. 7-3 Guardians!! Tigers walitangulia moja, tukajua ndo basi, awamu ya tano besi zikajaa, Skubal akamgonga José Ramírez wetu na mpira, ukigongwa unapewa besi ya bure na aliye besi ya tatu anasukumwa nyumbani, ikawa moja moja, baa bado haijatulia Lane Thomas kaingia, mpira wa kwanza kabisa kaupeleka jukwaani. Pointi nne kwa mpigo, kwa Skubal huyohuyo. Jamaa wa kazini kanikumbatia kanimwagia bia yote.

usiku_mrefu_dar
Hongera mkuu. Dodgers nao 2-0, homrani mbili, zote za akina Hernández na hata si ndugu. Yankees mnaanza nao lini?

MzigoOhio
Jumatatu, New York. Naomba mnipe majina ya warushaji wao mapema.