Hereni za elektroniki, bolasi au kola za GPS? Nalipia wiki ijayo

MfugajiMpya
Wakuu salaam. Wiki ijayo nalipia vifaa vya kutambua mifugo yangu, nimebaki njia panda kati ya hereni za elektroniki, bolasi ile ya kumezesha na kola za GPS. Ipi bora? Naomba majibu ya haraka, muuzaji ananipigia simu kila asubuhi.

Kibanio
Bora kwa kazi gani? Mifugo gani, wangapi, na malishoni mtandao upo? Unauliza dawa ipi nzuri hata hujasema unaumwa wapi.

ChapaMoto
Piga chapa ulale. Haina betri, haina skana, mwizi hawezi kuing'oa. Haya mengine ni kutajirisha watu tu.

fundi_redio
Mzee ChapaMoto chapa inasema ng'ombe ni wa nani, haisemi ni ng'ombe yupi. Hata ukipiga namba, manyoya yakirefuka 3 na 8 ni mapacha, na ngozi ushaiharibu.

Mleta mada, hereni nyingi za elektroniki ni za masafa ya chini, kilohezi 134.2, zinafuata viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785 na namba yake ni tarakimu 15. Humo ndani kuna aina mbili za chipu, FDX-B na HDX. HDX kwa kawaida inasomeka mbali kidogo na haisumbuliwi sana na kelele za mawimbi ya mota na fensi ya umeme, skana nzuri inasoma zote mbili. Alafu kuna za UHF, yaani masafa ya juu sana, hizo zinasomeka mita kadhaa kundi linapita getini, ila maji na mwili wa mnyama vinanyonya yale mawimbi, na skana ya 134.2 haiioni UHF hata ukiigusisha. Ukinunua hereni kwa huyu na skana kwa yule bila kuuliza umeliwa.

MfugajiMpya
Samahani sikusema, ni ng'ombe 64. Na mbuzi wapo pia.

Kibanio
Mbuzi wangapi?? Na shida yako ni wizi, kumbukumbu za chanjo na uzazi, au kuna mnunuzi anadai historia ya mnyama? Hayo ni maduka matatu tofauti.

DaktariWaZizi
Niseme la bolasi maana nimemezesha nyingi. Ni kidonge cha seramiki chenye chipu ndani, ule uzito wake ndo unakifanya kitulie tumboni badala ya kurudi na cheuo au kutoka na kinyesi. Botswana walianza na bolasi kwa ng'ombe wao, baadaye wakahamia kwenye hereni. Uzuri wake haipotei ovyo na mwizi haioni. Ubaya ni huohuo, na wewe mwenyewe huioni, kwa hiyo utarudi kuweka hereni ya namba ili mchungaji ajue yupi ni yupi. Ndama mchanga usimmezeshe, na mbuzi wana saizi yao. Bomba likiingizwa kwa nguvu unachana koo, hilo nimelitibu zaidi ya mara moja.

MamaNdama
Mimi nasimulia yaliyonikuta, mtanisamehe urefu. Nilinunua hereni za elektroniki za bei ya kutupa mtandaoni, sitaji muuzaji, nikamwita kijana tukapiga ng'ombe wote siku moja, na ilikuwa msimu wa mvua nzi wamejaa, kosa la kwanza hilo. Kosa la pili yule kijana alikuwa anapiga pembeni kabisa mwa sikio badala ya katikati, baina ya ile mishipa ya gegedu, basi wiki ya pili masikio yanatoa usaha, wengine funza, nashinda zizini na dawa ya kidonda. Zilizopona zikaanza kunasa kwenye miiba na waya, zikanyofoka na nyama. Haya, zilizobaki nikaanza kuskani siku ya chanjo, mtamba wa kwanza namba hii, ng'ombe wa saba namba ileile! Nikadhani nimemrudisha kibanioni mnyama mmoja mara mbili. Kumbe zilikuwa kadhaa zinafanana, zote zinaanza na 999. Nikampigia muuzaji akasema eti ni programu ya skana, niisasishe. Nimesasisha wee. Mpaka leo kuna ng'ombe wangu sijui kama walichanjwa mara mbili au hawakuchanjwa kabisa.

fundi_redio
Pole sana dada. 999 imetengwa kwa chipu za majaribio, haitakiwi kabisa sikioni mwa mnyama. Tarakimu 3 za mwanzo ni msimbo wa nchi, au wa mtengenezaji kati ya 900 na 998. Mleta mada, kabla hujalipa mwambie akutumie picha ya namba, na umuulize kama kifaa kina cheti cha ICAR, kamati ya kimataifa ya kumbukumbu za mifugo.

ChapaMoto
Si ndo nilisema. Chapa yangu haijawahi kuomba isasishwe.

fundi_redio
Mzee huu si mtindo wa msimu. Australia ng'ombe wote wako kwenye mfumo wa elektroniki tangu 2005, na Marekani tangu Novemba 2024 hereni rasmi lazima isomeke kwa macho na kwa skana pia.

ChapaMoto
Hao wamelazimishwa na serikali, mimi nani kanilazimisha?

MfugajiMpya
Shida yangu kubwa ni wizi jamani. Ila mnunuzi naye anataka karatasi. Mtandao unashika ukipanda kilimani.

Kibanio
Haya ndo ungeanza nayo tangu juzi. Kola ya GPS kwa ng'ombe 64 ni kazi ya kuchaji na kurekebisha mikanda, na mwizi anaikata anaitupa kichakani wewe unafuatilia kichaka. Weka kwa wachache wanaoongoza kundi. Karatasi za mnunuzi zinatoka kwenye namba na daftari, hereni inatosha.

DaktariWaZizi
Daftari liwe na nakala lakini. Nimeona mtu ana hereni nzuri kabisa, simu yenye kumbukumbu imetumbukia kwenye josho.

kijana_wa_kamera
Mbona hamtaji pua? Michirizi ya pua ya ng'ombe ni kama alama za vidole, hakuna wawili sawa, siku hizi simu inapiga picha inamtambua. Hakuna kutoboa mtu.

MamaNdama
Njoo uwafute pua ng'ombe 64 waliotoka kunywa matopeni alafu uwaambie watulie wapigwe picha, nikuone.

kijana_wa_kamera
Dada si lazima wote siku moja 😅

ChapaMoto
Mkimaliza pua mtaenda kwenye kope. Kuna chapa ya baridi pia, ya naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, manyoya yanaota meupe na ngozi haiumii sana kama ya moto.

DaktariWaZizi
Kwa ng'ombe mweusi sawa. Mleta mada wako ni rangi gani?

MfugajiMpya
Mchanganyiko, weupe ndo wengi. Nimemuuliza muuzaji kama hereni zake ni 134.2 au UHF, amenijibu "ni za kisasa". Nikamuomba picha ya namba, tangu jana hajapiga simu.

Kibanio
Na mbuzi hujasema wangapi.

mgeni_77
Samahani kuingilia, hizi hereni kwa nguruwe zinakaa? Wangu wanatafunana masikio.