Tupeane uzoefu: Kiswahili neno moja, Kiingereza matatu

Muuza Vinyago, Arusha: Leo asubuhi mgeni kanirudishia kinyago cha mpingo alichokuwa ameshakikumbatia. Nilimwambia ni "cheap". Nia yangu bei nafuu, yeye akasikia kitu hafifu. Kwetu bei ni rahisi, mtihani nao ni rahisi. Nani mwingine yamemkuta?

Mama Kahawa, Moshi: Weee! Kahawa kali, jua kali, mbwa mkali, kisu kikali. Kwa Kiingereza kila kimoja na lake.

Mwalimu wa Majengo: Wengi huandika mlima wetu Kilimanjaro ni "tall". Ni "high"! "Tall" ni ya mtu, mti, jengo.

Mzawa wa Marangu: Hapo nakupinga, Mwalimu. Mita 5,895 ni kutoka usawa wa bahari, sawa, "high". Ukiupima kuanzia tambarare unakoinukia, wenye lugha yao husema "tall" pia.

Mwalimu wa Majengo: Kaandike hivyo kwenye mtihani.

Mgumu wa Zamani: Ngojeni, mmenikumbusha kitu. Nilikuwa msaidizi wa mwongoza wageni, njia ya Machame, usiku wa kileleni. Tumeshaiacha kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600. Kiongozi wetu katangulia na kundi, mimi niko nyuma na mama mmoja wa makamo. Kundi la mbele lilikuwa na mgeni daktari, kwa hiyo redioni tukaongea Kiingereza ili naye asikie. Nikasema "she is tired". Nikajibiwa mpumzishe, mpe chai. Nikampa. Mara namwona anahangaika kuivisha chupa ya maji glovu. Anavuta, inateleza, anaanza upya. Nikarudi redioni na bado nikasema "very tired". Ndilo nililokuwa nalo! Kumbe yule alikuwa "confused", kachanganyikiwa, na alipoinuka miguu inapishana kama ya mlevi, hiyo ni "unsteady". Kule juu hizo ni dalili za ubongo kuvimba, mtu anashushwa papo hapo. Nilipotaja glovu, daktari akaikwapua redio: shusheni sasa hivi! Tukamshusha wawili, huku na huku mabegani. Alipona. Ila ile nusu saa ya chai sijaisahau mpaka leo.

Mama Kahawa, Moshi: Mwili umenisisimka.

Dereva wa Usa River: Ndiyo maana nasema achaneni na sifa, eleza unachokiona. Glovu ndiyo iliyomwokoa.

Mwalimu wa Majengo: Hapana. Maneno yajifunzwe, tena na mwenzake: "strong coffee", "heavy rain", "high fever". Redioni hakuna muda wa hadithi.

Mgumu wa Zamani: Glovu ilikuwa sentensi moja, Mwalimu.

Binti wa Njiro: Shikamooni. Kesho nina usaili hotelini. Nikisema mimi ni "sensitive", nikimaanisha mtu makini?

Mwalimu wa Majengo: Marahaba. Usithubutu! Huyo ni mwepesi wa kuumia moyo. Sema "careful". "Sensible" ni mwenye busara.

Muuza Vinyago, Arusha: Na kinyago changu je?

Mama Kahawa, Moshi: "Affordable", mdogo wangu. Au taja bei, unyamaze.