Uzuri wa nyumba za zamani Mji Mkongwe mnauona wapi hasa?

Mgeni_Darajani: Wakuu habari zenu. Nimehamia Unguja kikazi na kila siku nakatiza Mji Mkongwe, najua UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 na watalii wanapiga picha mpaka njia inaziba, lakini mi nikiangalia naona plasta imebanduka, nyaya zinaning'inia, vyumba vyembamba tena giza. Sibezi jamani, nataka kuelewa. Nyie mliokulia humo mnaangalia nini?

Binti_Malindi: Kaka karibu sana kwetu. Anza na boriti. Ukiingia nyumba ya zamani tazama juu, ile ni miti ya mikoko, na mkoko ulionyooka hauwi mrefu sana, kwa hiyo upana wa chumba unaishia kwenye mita 3 hivi au pungufu, ndo maana vyumba ni virefu vyembamba, mti ndo umeamua. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, mnene kweli, na chokaa inapumua, unyevu unaingia unatoka. Huko kubanduka unakokuona mara nyingi mtu kapiga simenti juu ya chokaa, maji yakakosa pa kutokea. Mimi ukuta uliopakwa chokaa vizuri ukipigwa na jua la saa kumi nasimama, hata kama nina haraka.

Patasi: Naongezea milango. Usipite tu, sogea karibu. Wenye vipande vya mraba na misumari mikubwa ya shaba ni mtindo wa Gujarat, ule wenye kizingiti cha juu kilichochongwa aya za Kurani ni wa Kiarabu. Halafu angalia maua ya mfaa, kile kipande cha katikati, kwa mbali yanalingana ila ukikaribia kila moja lina mkono wake. Mi ni seremala, hapo naweza kukaa mpaka adhana.

Mzawa wa Mkunazini: Yote sawa, lakini tuseme ukweli, nyumba hizi kuishi humo ni kazi. Masika dari inavuja, boriti zikioza kuzibadilisha ni hela nyingi, na warithi wako kumi hawaelewani nani atoe. Beit al-Ajaib yenyewe, lile jumba la Sultan Barghash la 1883, ilianguka sehemu Desemba 2020 na watu wakafa. Mtu anayelala chini ya dari iliyopasuka usimwambie habari za maua.

Binti_Malindi: Hilo kweli kabisa kaka angu na ndo linaloniuma zaidi. Mafundi wa chokaa wazee wanaisha na vijana wanajua simenti tu.

MlamuHalisi: Ukipata nauli fika Lamu pia. Nje ukuta mtupu hauna kitu, ukiingia ndani kabisa unakuta vidaka vya chokaa, yaani vishubaka vya ukutani, vimechongwa safu kwa safu ukuta mzima. Uzuri wamejiwekea wenye nyumba, sio mpita njia.

Mgeni_Darajani: Asanteni sana aisee, hiyo ya boriti nimeenda kuangalia ofisini kwetu zipo kweli, zimepakwa rangi nyeupe na nilikuwa sijawahi kuinua macho. @Patasi milango nianzie mtaa gani?

Patasi: Pita Hurumzi uteremke Kiponda, nenda asubuhi mapema kabla maduka hayajatundika nguo milangoni.