Mjadala: Uwanja wa spidiwei ukifungwa, mtoto akajifunzie wapi?

BintiPangani
Wadau, salaam. Nakuja na jambo ambalo wengi wenu hamlifuatilii, lakini kwangu limeingia mpaka sebuleni. Mwanangu ana miaka 16, anaendesha spidiwei hapa mashariki ya Uingereza, kwenye ligi ya chini kabisa, ile ya kukuza vijana. Kwa asiyeijua: pikipiki ya cc 500, gia moja, haina breki, inakunywa methanoli. Wanashindana wanne kwa mizunguko minne kwenye njia ya changarawe laini. Wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hana kitu. Mechi moja ina mbio 15.

Wiki iliyopita uwanja mdogo alikojifunzia umefungwa. Mwenye ardhi ana mipango yake, sisi tumepewa barua ya mistari mitatu. Mwalimu wake, mzee wa watu, alikuja kukusanya koni zake na jembe la kusawazishia njia, akapakia kwenye gari, akaondoka bila kuaga mtu.

Swali langu ni moja. Klabu za ligi ya juu huchukua vijana wakishaiva. Je, zilazimishwe na kanuni kuchangia hivi viwanja vidogo vinavyowapika? Au kila klabu ijitegemee, ikishindwa ife?

MzeeBandarini
Pole sana binti yangu. Niko Coventry tangu 1986, mchezo huu naujua. Umeuliza swali zuri lakini umemlenga asiyehusika. Klabu kubwa zenyewe zinakufa! Coventry tulikuwa na uwanja wa Brandon tangu 1928. Mechi za mwisho ni 2016. Ukauzwa kwa watu wa kujenga nyumba, na mpaka leo hakuna hata nyumba moja. Halmashauri ya mji wa Rugby ilikataa ombi lao la kujenga 2022, wakakata rufaa wakashindwa. Uwanja umechomwa moto na wahuni, majukwaa yameoza. Wolverhampton nao, 1928 mpaka 2023, mwenye uwanja ni kampuni ya kamari, akaona mbio za mbwa zinamlipa zaidi. Peterborough 2023 hiyohiyo. Sasa hizo klabu kubwa zikuchangie nini wakati zenyewe ni wapangaji? Tatizo ni ardhi.

Msomi_Torun
Niko Poland mwaka wa nne, na ninaishi mwendo wa dakika kumi kutoka Motoarena, uwanja wa spidiwei wa Toruń. Mzee amegusa penyewe ila hakumalizia. Hapa Toruń uwanja ni mali ya mji, ulifunguliwa 2009. Hakuna wa kuja kukuletea barua ya mistari mitatu. Na kanuni ya ligi yao kuu inalazimisha kila timu iwe na vijana wawili wa Kipolandi wasiozidi miaka 21. Mbio ya pili ya kila mechi ni ya vijana watupu. Ukikosa vijana wazuri unapoteza pointi mbele ya watu elfu kumi na kitu, kwa hiyo klabu yenyewe inamtafuta mtoto, inampa pikipiki, inampa fundi. Bartosz Zmarzlik, bingwa wa dunia mara 6, alikuzwa na klabu ya Gorzów kwa utaratibu huo. Kwa hiyo dada yangu, jibu ni ndiyo, walazimishwe. Uingereza wanaongea tu.

SautiYaTandale
Nimesoma nikaangalia na video. Dakika moja wanazunguka kushoto basi, hiyo ndiyo mnaiita kazi? Mchukueni bodaboda yeyote wa Tandale, mpeni hiyo pikipiki wiki moja, atawaacha wote hao na mabingwa wao. Na mzazi anayempandisha mtoto kwenye chombo kisicho na breki, kwa maoni yangu, hana haki ya kulalamika uwanja ukifungwa. Ashukuru.

BintiPangani
SautiYaTandale, nilitaka kukupita lakini hiyo ya mwisho imenichoma.

Breki hazipo kwa sababu ya usalama. Wanne wanaingia kwenye kona wamebanana bega kwa bega, mmoja akikamata breki, wa nyuma anampanda mgongoni. Mwendo wanaupunguza kwa kuitupa pikipiki ubavu: gurudumu la nyuma linateleza kwenda nje, la mbele linaelekezwa kulia huku wao wanakata kushoto, na mguu wa kushoto unaburuzwa chini. Ndiyo maana buti la kushoto linavalishwa kiatu cha chuma. Nakifunga mimi mwenyewe kile kiatu kila Jumapili, mkanda wa ngozi nyuma ya kisigino, na upande wa ndani chuma kimelika kwa kusuguliwa mpaka kimekuwa chembamba kama ukucha. Mkononi ana kamba iliyounganishwa na swichi ya injini, akianguka kamba inachomoka, injini inazima. Alianza na cc 125, akaenda 250, ndipo akapewa 500. Miaka mitano. Usiniambie nishukuru.

Spana17
Mimi ni bodaboda, Morogoro, miaka tisa barabarani na ninatengeneza pia. SautiYaTandale, mkuu, nakuomba tena kwa heshima: acha kututolea mfano kila mnapotaka kusema mtu asiye na akili. Bodaboda ana breki, ana abiria, ana mama mjamzito nyuma saa nane za usiku. Kazi yangu ni kufika. Huyo kijana kazi yake ni kuwahi. Vitu viwili tofauti. Ukinipa pikipiki isiyo na breki nitaanguka kwenye kona ya kwanza na sioni aibu kusema hivyo.

SautiYaTandale
Mkuu Spana nilikuwa nawasifia jamani. Nimesema mtawashinda! Kosa liko wapi?

Spana17
Kosa ni kwamba hujawahi kumuuliza hata mmoja wetu. Sifa za namna hiyo ndizo zinafanya vijana wafunge mikono kifuani wakaendesha kwa kulala juu ya tangi pale Msamvu. Nimebeba wawili mwaka huu kuwapeleka hospitali.

Dada_Leeds
Mimi ni muuguzi, chumba cha dharura. Naheshimu malezi ya BintiPangani na sitamhukumu, lakini Msomi ameisifia Poland kana kwamba ni peponi. Lee Richardson, Mwingereza, alifia Wrocław 2012. Darcy Ward alipooza Zielona Góra 2015. Krystian Rempała, Mpolandi, mmoja wa hao vijana wa kanuni mnaowasifu, alianguka Rybnik Mei 2016 akafa siku chache baadaye. Alikuwa na miaka 18. Kanuni inayolazimisha timu kuingiza vijana inalazimisha pia vijana wasioiva kuingia uwanjani. Hilo hamlisemi.

Msomi_Torun
Dada, sikusema ni peponi. Na naona si haki kutaja marehemu ili kushinda hoja. Viwanja vya ligi kuu hapa vina kuta za hewa kwenye kona, daktari yupo, gari la wagonjwa lisipokuwepo mbio hazianzi.

Dada_Leeds
Nimewataja kwa sababu walikuwa watu. Na daktari na gari la wagonjwa viko Uingereza pia, mbio hazianzi bila hivyo hata ligi ya chini, muulize BintiPangani. Ndivyo vinavyomaliza fedha za klabu ndogo: mechi ya watazamaji 300 inalipia gari la wagonjwa lilelile linalolipiwa na mechi ya watazamaji 3,000.

BintiPangani
Dada_Leeds, hapo umesema kweli tupu na ndiyo hoja niliyoitaka. Mvua ikinyesha saa kumi jioni mechi ikaahirishwa, promota ameshaingia gharama na hakuuza hata tiketi. Mara mbili kwa mwezi namna hiyo, mtu anafunga.

MzeeBandarini
Turudi kwenye historia, vijana mnapenda kukimbilia Poland. Ligi ya chini ya Uingereza imetoa bingwa wa dunia. Tai Woffinden alianzia Scunthorpe 2006, klabu ndogo kabisa, akaja kuwa bingwa wa dunia mara nne.

Msomi_Torun
Mara tatu, mzee. 2013, 2015, 2018.

MzeeBandarini
Tatu au nne, hoja iko palepale! Mtu wa Scunthorpe!

Msomi_Torun
Hoja haiko palepale. Amezaliwa Scunthorpe lakini amekulia Perth, Australia. Pikipiki alijifunzia huko. Scunthorpe walimpokea akiwa tayari anajua.

MzeeBandarini
Kijana, mimi nilikuwa nasimama kwenye kona ya tatu Brandon wewe hujazaliwa. Nilisimama palepale na marehemu mke wangu miaka ishirini, na chupa yetu ya chai. Usinifundishe nani alikulia wapi. Nani alimpa mechi? Nani alimwamini akiwa na miaka kumi na sita? Kujua kuendesha ni jambo moja, kupewa nafasi ya kushindwa mara ishirini mbele ya watu wachache wanaokusamehe ni jambo lingine. Hiyo ndiyo kazi ya ligi ya chini. Dan Bewley wa Cumbria alipitia timu ya vijana ya klabu ya Belle Vue, na klabu ya Workington. Watu wengi hawajui kwamba hao Workington walibeba vikombe vyote vitatu vya daraja la pili 2018, halafu wakafunga milango mwaka uleule. Wameshinda kila kitu na fedha hakuna!

Msomi_Torun
Shikamoo mzee, nimekuelewa, na pole kwa mama. Lakini Workington ndiyo ushahidi wangu mimi. Walimlea Bewley, na Bewley akawa katika timu ya taifa iliyochukua ubingwa wa dunia pale Manchester 2021 na tena 2024. Waliomlea walipata nini?

SautiYaTandale
Kwa hiyo jibu la Spana kuhusu kona ya kwanza mmelipita hivihivi? Mimi bado nasema akifundishwa ataweza. Na kama BintiPangani anasema miaka mitano, basi ninaondoa ile ya kushukuru. Nilikosea hapo. Ya bodaboda siondoi.

Spana17
Sawa mkuu, yaishe. Dada BintiPangani, mimi nina swali la ufundi. Hizo injini mnazitia oili gani? Methanoli si inasafisha oili kwenye kuta za silinda?

BintiPangani
Kaka Spana, umeuliza kama fundi. Inaharibu kweli, ndiyo maana oili inamwagwa mara kwa mara, na baada ya mbio methanoli haiachwi kulala kwenye kabureta. Zamani walitumia mafuta ya nyonyo, na wapo wanaoyatumia mpaka leo. Siku ya kwanza kumpeleka mtoto uwanjani, injini nne zikawashwa, moshi ukanijia usoni, nikalia mbele za watu. Ilikuwa harufu ya bibi yangu Pangani akinisuka nywele barazani. Mume wangu alidhani naogopa.

Spana17
Nyonyo! Huku tunapaka kichwani.

Dada_Leeds
Na mwako wa methanoli hauonekani mchana, uwe makini na hilo. Nimewahi kumhudumia fundi aliyeungua mkono bila kuona moto.

MzeeBandarini
Binti yangu, hujasema mtoto sasa anafanya mazoezi wapi. Klabu ya Oxford ilifungwa 2007, ikarudi 2022 baada ya miaka 15. Ninalolitaka ni uandikishe majina ya wazazi wote wa uwanja wenu sasa hivi, kabla hawajatawanyika. Sisi Brandon tulichelewa kufanya hivyo.

BintiPangani
Anafanya mazoezi uwanja mwingine, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, mara moja kila wiki mbili. Zamani ilikuwa dakika ishirini na kila Jumatano. Wazazi tuko kumi na wanne, nina namba za tisa. Watatu wameshauza pikipiki.

MzeeBandarini
Watafute hao watano leo usiku. Nipigie mezani kwangu nikuelekeze barua ya halmashauri inavyoandikwa, nakutumia namba kwenye ujumbe wa siri.

SautiYaTandale
Na mimi nauliza, hao watatu wameuza kwa bei gani? Kuna dogo hapa mtaani kwetu ana miaka 12.