Tupeane uzoefu: Uraia, vibali na lile swali la "kwenu ni wapi?"

Mwana wa Mwaloni: Wakuu, leo kwenye foleni ya vitambulisho nimesikia mzee anaulizwa babu yake kazikwa wapi. Yangu yote yamerudi. Mliopitia haya, tiririkeni.

Mama Sato: Nimezaliwa Kirumba, Mwanza, nimeuza dagaa hadi naolewa. Baba Mjaluo wa Homa Bay, alikuja na mitumbwi akabaki, mama Mkerewe. Yule ofisa wa vitambulisho kuona jina la baba linaanza na O, kama majina mengi ya Kijaluo, akaweka kalamu chini. "Mama, nchi yako hasa ni ipi?" Akauliza kama najua Kisukuma, nikammwagia. Akasema hata Wakenya wanajifunza! Nyuma yangu wateja wangu wa dagaa wanasikiliza. Akataka cheti cha kuzaliwa cha mama. Mama kazaliwa kisiwani Ukara kabla ya uhuru, cheti angekiandika nani? Kilichoniokoa ni kadi yake ya ubatizo, mende wameila pembeni, jina la parokia linasomeka kwa shida, pamoja na hati ya kiapo ya mjomba. Mzazi mmoja akiwa raia siku unazaliwa, inatosha. Ila uthibitishe!

Rorya Halisi: Hilo O! Sisi Wajaluo wa Rorya, hapa hapa Tanzania, tuko tangu mababu, na bado tunaulizwa.

Nyegezi Stendi: Pole dada. Mume wangu Mganda wa Masaka. Ningekuwa mimi mgeni nimeolewa na Mtanzania, ningeomba kama mke. Yeye kwa kuwa ni mume hana njia hiyo, anaenda tajnisi ya kawaida, yaani kuomba uraia kama mgeni yeyote: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 kabla ya hapo awe ameishi nchini jumla ya miaka 7.

Kamanga Feri: Safi tu. Wangekuja kuoa kwa ajili ya karatasi.

Nyegezi Stendi: Na wanaoolewa kwa ajili ya karatasi huwaoni?

Kamanga Feri: Dada usipaniki.

Buzuruga: Acheni ugomvi. Shemeji yangu ana pasi mbili, ya Kenya na ya kwetu. Kenya katiba yao ya 2010 inaruhusu, akadhani na huku ni hivyo hivyo. Pale mpakani Sirari akachomoa pasi mfukoni, zikatoka zote mbili zimegandana kwa jasho!

Mama Sato: Mungu wangu. Ikawaje?

Rorya Halisi: Malizia basi!

Buzuruga: Ya kwetu ilibaki mezani. Mtu mzima huku uraia ni mmoja.

Mwana wa Mwaloni: 😂😂 Nyegezi, anzeni na barua ya serikali ya mtaa.

Kamanga Feri: Tafuteni wakili, barua ya mtaa peke yake haitoshi.

Rorya Halisi: Wakili wa nini? Kimbieni vishoka tu, wale madalali feki wa karatasi. Na kibali cha ukaazi kisiishe mkisubiri. Daraja A ni la wawekezaji, B la ajira, C la wengineo.

Nyegezi Stendi: Asanteni. Lile tangazo la gazetini la kusema anaomba uraia, tunalipia wenyewe?

Buzuruga: Wenyewe. Na jiandaeni kwa simu za majirani, "kumbe baba fulani siyo mwenzetu?"

Nyegezi Stendi: Wanajua siku nyingi, kila timu yao ya taifa, Uganda Cranes, ikicheza anatupigia kelele mtaa mzima.